Marahaba

Ukumbi ni wa klabu ya wazee wanaoviringisha tufe nyasini,
Dundee, mtaa wa mlimani, Jumamosi ya Machi,
mvua inanyesha ubavu ubavu kama kawaida yake hapa.
Ukutani vikombe vya ushindi vya watu nisiowajua.
Mezani pilau, sambusa, kachumbari ndani ya beseni la bluu
ambalo Mwanaisha amelipakata kwenye basi tangu Leicester.
Watu sabini na wawili. Nimehesabu viatu mlangoni;
vichwa havitulii.

Mimi nimewekewa kiti karibu na kipasha joto,
blanketi mapajani, kama kifurushi kinachomngoja mwenyewe.
Kila anayeingia huinama: shikamoo bibi, shikamoo mama mkubwa,
nami marahaba, marahaba, marahaba,
mpaka neno limekuwa sarafu iliyopita mikono mingi,
sura ya mfalme imefutika.

Kisha akafika mume wangu.
Ndiyo, mume. Hilali, mjukuu wangu.
Tulioana siku ya arubaini yake, mbele ya mashahidi,
mahari soksi mbili za sufu.
Alipofika miaka minne nikamwomba talaka, akakataa,
akasema nani atamkaangia mayai.

Leo kaja na mke mwenzangu.

Msichana mrefu, nywele rangi ya mdalasini, mabega yamelowa.
Viatu kavua bila kuambiwa, nikamwandikia maksi moja.
Soksi ya kushoto ina tundu, kidole kinachungulia.
Hapo nikaandika mbili.
Jina lake Eilidh. Nilionyeshwa kwenye simu:
herufi sita, wao wanatamka nne, Eili,
zile mbili za mwisho wanazibeba tu
kama sisi tunavyobeba majina ya mababu kwenye pasipoti.

Shangazi zake Hilali wakaacha kutafuna.
Nikakaza uso. Mke mkubwa hamchekei mdogo siku ya kwanza.
Maneno nilikuwa nayo tayari tangu jana usiku:
ada yangu iko wapi, na zamu umepangiwa na nani?

Akapiga goti. Goti la kweli, sakafuni.
Nikaona midomo yake inalitafuta neno
kama mtu anayepapasa funguo mfukoni huku analowa.
Hilali akanong'ona, kachelewa.
"Marahaba," akasema,
kwa sauti ya wazi, ukumbi mzima ukasikia.

Kijiko kikaanguka ndani ya beseni la bluu.
Mtu akaanza kucheka, akanyamazishwa kwa kiwiko.

Dada Mwanatumu ndiye aliyekuwa wa mwisho.
Kila Ijumaa nilimpigia simu, shikamoo dada,
kabla ya kuulizana magoti na bei ya unga.
Tangu azikwe Pangani, miaka kumi na mmoja,
hakuna aliye hai juu yangu.
Neno lile nalipokea tu, silitoi.
Ukiwa mkubwa wa wote unageuka sanduku la posta.

"Shikamoo," nikamwambia.

Likatoka kavu, likikwaruza, mlango wa chumba cha stoo.
Na nyuma yake nikatoka mimi, miaka saba, miguu vumbi,
nimetumwa chumvi, na kila niliyekutana naye njiani
alikuwa mtu mzima.

Sasa wakamweleza kosa lake. Akaziba mdomo,
akataka kuyapanga upya, aanze yeye.
Nikamshika mkono. "Usirudishe."
Hilali akatafsiri; sijui alitafsiri nini,
maana msichana alikaa chini pale pale, miguuni pangu,
hakuinuka mpaka chai.

Ada yangu niliidai pilau ilipobaki ukoko.
Lete huo mguu, nikasema. Sindano iko mkobani.
Akaunyoosha mapajani mwangu, shangazi wote wakitazama.
Zamu tumekwisha gawana: yeye siku za kazi, mimi sikukuu.
Na tukikutana, salamu naanza mimi.

Soksi ilikuwa ya kijivu.
Uzi niliokuwa nao ni mwekundu.